Faili Lililovuka Mpaka Bila Mwenyewe

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu, Mzee Kifungu,

Salamu nyingi sana. Shemeji yako naye anakusalimu, ingawa salamu zake amezitoa akiwa na misumari mdomoni, kwa hiyo sikuzisikia zote. Anatengeneza mlango wa stoo kwa mara ya tatu mwaka huu. Fundi seremala mzima, milango ya watu inafunga vizuri, wa kwetu tunauegemeza tofali.

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa kamusi. Hivi hapo ofisini kwenu mtu akitaka kwenda chooni anasema "kwa mujibu wa kifungu cha nne"? Nimekulea mimi, nikakufundisha kusema "naomba maji", leo unaniandikia "mhusika wa taarifa". Mhusika wa taarifa ndiye nani? Ni mgonjwa. Sema mgonjwa, utaeleweka.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Kwanza, ikilia wodini akina mama wanashtuka. Pili, kwenye simu wewe unasema "niko poa, Dada" halafu unakata. Kwenye karatasi inabidi ukae kitako. Tumeandikiana tangu ulipokwenda shule ya bweni, na mimi siachi.

Wiki hii nimezalisha watoto kumi na wanne. Watano mama zao wametoka upande wa pili wa mpaka, wamepita pale kwenye kizuizi na kadi za kliniki zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mmoja kadi yake ilikuwa imelowa, kundi la damu halisomeki. Nikampigia mkunga mwenzangu wa kule, yule tuliyesoma naye semina, tukalala chumba kimoja wiki mbili. Akasema, "Nisamehe, Dada. Tumekatazwa kumsomea faili mtu wa nje." Mimi ndiye mtu wa nje! Tukapima upya, bahati nzuri muda ulikuwepo.

Ni ile amri yenu, siyo? Sasa nisikilize. Kuna mama mmoja hapa kwetu, alipasuliwa uvimbe wa shingo mwaka juzi upande wa pili, kwa sababu hospitali yao kubwa iko dakika arobaini kutoka hapa na ya kwetu ni safari ya siku nzima. Sasa uvimbe umeota tena, upande mwingine wa shingo. Daktari wa upasuaji tuliyeletewa hapa mwaka huu anataka kujua wenzake walikata nini, walibakiza nini, na maabara yao iliona nini. Huyo mama amekwenda mwenyewe kuomba. Wamemwambia majibu yapo, yamo kwenye kompyuta, lakini hayatoki nje ya nchi mpaka wakubwa waafikiane.

Wakubwa si ndio ninyi? Niulizie: huyo mama afanye nini?

Dada yako

*

Tarehe 11 Machi

Dada yangu mpenzi,

Mgonjwa. Haya, nimesema. Umeridhika?

Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimepandishwa cheo. Mwambie shemeji asiufunge huo mlango vizuri sana, tofali limeshazoea.

Nikueleze kuhusu amri, maana naona unaitupia mawe. Mwaka jana iligundulika kwamba kampuni moja ya mbali ina mafaili ya wagonjwa wa nchi zetu zote mbili. Si mia, ni maelfu. Hakuna mgonjwa aliyeulizwa. Wengine walianza kupigiwa simu na wauza dawa: "Tumesikia una tatizo la figo." Kuna mwalimu mmoja aliachishwa kazi kwa ugonjwa ambao hata mke wake alikuwa hajamwambia. Ndipo nchi zote mbili zikakubaliana: simamisheni kila kitu, faili lolote lisivuke mpaka kwa njia yoyote, mpaka tuandikiane mkataba.

Na aliyeandika amri hiyo upande wetu ni mdogo wako. Kurasa mbili, kwa siku moja. Mkurugenzi wetu ni mama mmoja mkali anayesahihisha kila kitu kwa kalamu ya kijani, hata kadi za mwaliko wa harusi. Kwenye amri yangu alisahihisha mkato mmoja tu. Niliitembeza karatasi ile ofisi nzima.

Sasa tunaandaa mkataba wenyewe. Tuko ghorofa ya tano, chumba kina dirisha moja lisilofunguka, meza imejaa rasimu za nchi mbili, na birika linalochemka kwa hasira kuliko wajumbe. Wa kule wanataka hiki, sisi tunataka kile. Mkutano wa kumaliza ni mwanzoni mwa Juni.

Huyo mama wa shingo ninamhurumia kweli. Lakini, Dada, nikimfungulia yeye leo, kesho kampuni ile nayo itakuja na mgonjwa wake wa kusikitisha. Mwambie avumilie kidogo. Juni si mbali.

Mwezi ujao nina likizo ya siku nne. Nakuja. Niandalie kitanda cha uani.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Nimemfikishia huyo mama ujumbe wako. Amecheka kidogo. Amesema mwambie huyo bwana kwamba uvimbe hausomi kalenda.

Lakini kuhusu mwalimu aliyefukuzwa kazi, hapo umenigusa. Miaka yote hii najua nani kaharibikiwa mimba, nani ana virusi, mtoto wa nani si wa baba yake. Nakutana nao sokoni, tunaulizana habari za watoto kama vile sijui lolote. Mtu akizikomba siri zile akaenda kuziuza, ningemfuata kwa miguu. Kwa hiyo sikulaumu kwa kufunga mlango. Nakulaumu kwa kufunga na mwenye nyumba akiwa nje.

Likizo yako usije huku. Shemeji yako ameamua kupaka rangi nyumba nzima, vitu vyote viko uani, utalala juu ya kabati. Njoo baada ya Juni. Nakuambia kwa upendo, usininunie.

Kula vizuri. Sauti yako ya mwisho kwenye simu ilikuwa ya mtu anayekunywa chai tu.

Dada yako

*

Tarehe 2 Aprili
(Barua hii haikutumwa.)

Dada,

Naandika hii nikijua sitaipeleka posta. Nisipoandika nitapasuka.

Leo asubuhi wa upande wa pili walituletea mfano wa mafaili ili kutuonyesha kwamba yakitolewa majina hayana madhara. Ni sehemu ya yale yaliyokwenda kwa ile kampuni ya mbali. Mistari mia tatu, kila mstari mgonjwa mmoja. Hakuna jina, hakuna simu, hakuna anuani. Tukagawana tuyakague. Mimi nikapewa kuanzia mia mbili.

Mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Mwanamke, miaka arobaini na saba. Kazi: mkunga. Makazi: nje ya nchi, mji wa mpakani. Uzazi: hakuna. Upasuaji wa uvimbe wa shingo, upande wa kulia. Alama za mwili: kovu la kuungua kwa maji ya moto, mkono wa kulia, kutoka kiwiko hadi kiganja, tangu umri wa miaka kumi na mmoja.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na sufuria ile ulipoungua ukinikinga. Nilikuwa na miaka miwili, sikumbuki, lakini nimekua nikilishika kovu hilo kila uliponivusha barabara.

Mwaka juzi ulisema umekwenda semina ya wiki tatu. Ukarudi umejifunga kitambaa shingoni kwenye joto lile, nikakutania kwamba umekuwa mwanamitindo. Ukacheka. Kumbe "mama mmoja hapa kwetu" ni wewe. Na mimi nimekwambia uvumilie.

Nataka kukupigia simu sasa hivi, na siwezi. Kwenye kanuni zetu kuna kifungu kinachosema: anayeona taarifa za mgonjwa kwa ajili ya kazi hatamtafuta mwenye taarifa, hatamtaja, wala hatazitumia kwa jambo lake binafsi. Nimekula kiapo juu yake. Niliyekiandika ni mimi.

Mstari ule nimeufunika kwa rula. Kila nikiinua macho naona rula.

*

Tarehe 4 Aprili

Dada mpendwa,

Barua yako nimeipokea. Nashukuru kwa ushauri kuhusu likizo.

Mimi ni mzima. Kazi inaendelea. Natumaini wewe pia u mzima wa afya. Je, kuna jambo lolote ungependa kunieleza? Wakati wowote niko tayari kusikiliza, kwa simu au kwa barua.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako

*

Tarehe 12 Aprili

Mzee Kifungu,

Hii barua yako nani kakuandikia? Nimeigeuza nyuma nikitafuta mahali pa kugonga muhuri. "Natumaini wewe pia u mzima wa afya." Una nini? Umefiwa na paka? Umepata mchumba unaogopa kunitajia? Kama ni mchumba mlete, sitamuuliza maswali zaidi ya ishirini.

Mimi mzima kabisa. Nimezalisha mapacha jana. Wa pili alikuja kwa miguu, mama yake akanitukana matusi yote anayoyajua kisha akaomba nimchagulie jina mtoto.

Rangi imekwisha sebuleni. Shemeji yako kachagua ya kijani, nyumba imekuwa kama chupa.

Usifikirie sana. Ukifikiria sana unakonda, nami nilikuhangaikia ule unenepe.

Dada yako

*

Tarehe 22 Aprili

OFISI YA ULINZI WA TAARIFA
Kwa: Mhusika wa Taarifa, Mstari wa 212
(Bahasha hii imeandikwa jina na kupelekwa na hospitali husika.)

Ndugu,

YAH: TAARIFA ZAKO ZA AFYA KUONEKANA BILA RIDHAA YAKO

Tunasikitika kukujulisha kwamba taarifa za matibabu yako, zikiwa zimeondolewa jina, zilipelekwa nje ya nchi ulikotibiwa na kufika kwa kampuni ambayo hukuiruhusu. Aidha, wakati wa ukaguzi, mmoja wa watumishi wa ofisi hii alimtambua mhusika kutokana na maelezo yaliyomo. Mtumishi huyo alitoa taarifa mwenyewe, na ameondolewa kwenye kazi ya kukagua mafaili hayo.

Una haki ya kulalamika, kudai taarifa hizo zifutwe, na kusikilizwa.

Mkurugenzi

*

Tarehe 29 Aprili

Wewe,

Nimepata barua kutoka ofisini kwenu. "Mmoja wa watumishi alimtambua mhusika." Kuna watumishi wangapi hapo wanaonijua, hata nisumbuke kukisia?

Kwa hiyo umelisoma faili langu. Umekaa kwenye ghorofa yako ya tano, ukasoma shingo yangu, ukasoma tumbo langu ambalo halikupata mtoto, jambo ambalo miaka yote sijawahi kukaa nawe tukalizungumza. Halafu unaniandikia "je, kuna jambo lolote ungependa kunieleza". Unanitega? Mimi?

Nilikuficha kwa sababu nilitaka. Ilikuwa siri yangu. Nilikuwa sijaamua siku ya kukuambia, na siku hiyo ilikuwa yangu kuichagua.

Wagonjwa wangu mia ngapi wameninong'oneza mambo yao, sijamwaga mtama hata kwa mume wangu. Na wa kwangu mwenyewe kanisoma kama gazeti.

Usipige simu.

*

Tarehe 5 Mei

Dada yangu,

Sijapiga simu. Naomba tu usome mpaka mwisho.

Sikulitafuta faili lako. Liliwekwa mezani kwangu likiwa halina jina, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna awezaye kujua ni la nani. Nilifika kwenye kovu la mkono. Hapo nikajua. Nilitamani nisijue, lakini mtu akishaona hawezi kujifanya hajaona.

Siku mbili sikula. Nilikuandikia barua nikaifungia kwenye droo. Ile uliyoipata ya tarehe nne ni kweli ilikuwa ya kijinga. Nilitaka uniambie mwenyewe, ili nisiwe mwizi. Sikuona kwamba huko nako ni kukuvizia.

Siku ya tatu nikaenda kwa Mkurugenzi. Nikamwambia, "Haya mafaili yanatambulika. Kuna mmoja nimemjua."

Akaweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Kama ninavyojijua mimi."

"Ni nani yako?"

Nikalia, Dada, mbele ya bosi wangu kama mtoto wa chekechea. Akaniambia, "Basi. Usinitajie. Nipe namba ya mstari tu." Akaiandikia hospitali, wao ndio waliofungua jina na kukutumia. Mpaka leo Mkurugenzi hajui wewe ni nani kwangu, ingawa nadhani amekisia, maana siku hizi ananimiminia chai yeye mwenyewe.

Wameniondoa kwenye mafaili yale, na ni haki yao. Amri niliyoitembeza ofisi nzima nimeisoma tena. Nimeona kitu ambacho kalamu ya kijani haikukiona. Nilizuia kila faili lisivuke mpaka. Lako lilikuwa limeshavuka zamani, limeshafika kwa watu wa mbali wasiokujua. Kilichobaki cha kuzuiwa ni daktari wako.

Siombi unieleze ugonjwa wako. Nilichokiona nitakibeba kimya. Nikija, nitakuuliza habari za rangi ya nyumba tu, kama ndivyo unavyotaka. Ila nisamehe kwa lile neno "avumilie". Hilo nililisema kabla sijajua chochote, na hata angekuwa mama mwingine kabisa, lilikuwa neno baya.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Mei

Mdogo wangu,

Shemeji yako aliiokota barua yako mezani, maana nilikuwa nimeiacha siku mbili bila kuifungua. Akasema, "Usipoifungua wewe, nitaifungua mimi kwa patasi." Nimeifungua.

Kaa basi nikueleze. Safari hii naeleza mimi.

Niliuona uvimbe mwaka juzi nikifunga kifungo cha sare. Nikaenda upande wa pili kimya kimya. Shemeji yako alijua, basi. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani yako ya mwisho ya sheria. Halafu ukafaulu, nikasema acha afurahi kwanza. Halafu ukapata kazi, nikasema acha atulie. Kila mara kulikuwa na acha. Tangu mama alipofariki umenitazama mimi kama ukuta wa nyumba, na mimi nikaogopa uone ufa. Ni ujinga. Akina mama wodini nawaambia kila siku, semeni panapouma.

Hasira yangu haikuwa juu yako yote. Nyingine ilikuwa ya kuona aibu. Mtu anakubali kuvuliwa nguo na daktari, sio na orodha.

Uvimbe wa sasa uko kushoto. Nikimeza mate nausikia. Daktari wetu ni kijana mwangalifu, hataki kupasua akiwa hajui ndani kumebaki nini, asije akakata mshipa wa sauti. Nami sauti yangu naihitaji. Nitamwambiaje mama asukume?

Sasa hilo la haki ya kusikilizwa. Bosi wako ameandika kwamba ninayo. Nimelifikiria nikiwa kazini, nikiwa jikoni, kila mahali. Naitaka. Lakini usinisemee wewe, na hadithi yangu usiitumie kwa kunificha tena kwamba "kuna mama mmoja". Nitakuja Juni mwenyewe, na sare yangu. Mwambie huyo Mkurugenzi mimi ni nani. Nimekupa ruhusa.

Tena mwambie chai ya kukumiminia aongeze na kitafunwa.

Dada yako

*

Tarehe 9 Juni

Dada yangu,

Umefika salama? Dereva wa basi lako alinionyesha dole gumba, nikaona nimwamini.

Nilikuona unavyopanda ngazi za ofisi yetu, kila ghorofa unasimama kuwasalimia walinzi. Pale mlangoni nilitaka kuingia nawe, na sikuweza. Niliiandikia ofisi kwamba wewe ni dada yangu, kwa hiyo kwenye jambo lako sina sauti. Nilikaa kwenye benchi la koridoni mkabala na mashine ya maji. Dakika thelathini na tano. Ulipotoka nikakuuliza, "Umesemaje?" Ukanijibu, "Nimesema niliyosema, twende nikawahi basi." Ndiyo maana sasa nakusimulia mambo yako mwenyewe, kama nilivyosimuliwa na Mkurugenzi. Ukiona ametia chumvi nisahihishe.

Anasema uliingia, ukaamkia, ukakataa kiti. Ukasema: "Nimewasikia mkisema taarifa, taarifa. Mimi ndiye mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Wanaosomea magonjwa kama wangeniuliza, ningekubali wasome faili langu. Mimi mkunga, najua dawa ninazotoa leo zilipatikana kwa kuangalia wagonjwa wa jana. Hawakuniuliza. Faili langu limefika nchi ambayo hata jina lake silijui kuliandika. Kwa daktari wangu, dakika arobaini kutoka lilipoandikwa, halijafika."

Hapo yule mzee wa upande wa pili, kiongozi wa ujumbe wao, mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa amesema tangu Januari kwamba kutoa majina kunatosha, aliivua miwani. Akakuuliza, "Mama, wewe ungetaka tuandike nini?"

Nawe ukasema: "Andikeni kwamba likitoka liwe limeniaga. Na likienda kwa daktari, lisisimamishwe njiani."

Mkurugenzi anasema baada ya kutoka wewe birika lilichemka na hakuna aliyeinuka kulizima.

Usidhani waliafikiana hapo hapo. Walibishana siku tatu. Wapo waliosema ridhaa ya kila mgonjwa ni kazi kubwa, hospitali hazina watu. Wapo wa kwetu waliotaka mlango ubaki umefungwa kabisa, wakamtaja yule mwalimu aliyefukuzwa kazi, na walikuwa na haki ya kumtaja. Mzee wa miwani aliwajibu wote kwa swali moja, "Yule mama tumwambie nini?" Mpaka ikawa akifungua mdomo tu, watu wanamalizia.

Jana wamesaini. Kifungu cha tisa kinasema hivi: Faili la mgonjwa litamfuata mgonjwa kwa yule anayemtibu, nchi yoyote kati ya hizi mbili, kwa ridhaa yake, ndani ya siku saba. Halitakwenda kwa mwingine, hata likiwa halina jina, kabla mgonjwa hajaulizwa na kukubali.

Sikuandika hata neno moja la kifungu hicho. Ndicho kifungu kizuri kuliko vyote. Mkurugenzi alikisoma akiwa ameshika kalamu ya kijani, akaifunika, akairudisha kwenye pochi.

Kampuni ile wameiandikia ifute. Inajibu taratibu, kwa maneno mengi. Hilo bado tunalo, sitakudanganya.

Peleka ombi lako kesho asubuhi. Kesho, Dada. Usianze "acha kwanza".

Mdogo wako

*

Tarehe 27 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Mkurugenzi wako ametia chumvi. Kiti sikukikataa, kilikuwa kimoja nacho kilikuwa na mkoba wa mtu.

Ombi nililipeleka kesho yake kama ulivyoamuru. Faili limekuja siku ya tano. Yule mkunga mwenzangu wa kule ndiye aliyenipigia, anapiga kelele kwenye simu mpaka wodi nzima ikashtuka: "Limetoka! Limetoka!" Akina mama wakadhani kuna mtoto.

Daktari alilisoma mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Kisha akanieleza. Uvimbe wa kwanza ulikuwa saratani, ya aina inayokwenda polepole. Walikata nusu ya tezi, upande wa kulia, wakaitoa yote safi. Waliandika pia kwamba nipimwe kila miezi sita. Barua ya kuniambia hivyo iliandikwa na haikunifikia. Nikamuuliza, "Nimechelewa?" Akasema, "Umechelewa kidogo. Hujachelewa sana." Nimewapa watu habari nzuri na mbaya miaka ishirini na sita, najua sauti ya mtu anayebembeleza. Yake haikuwa hiyo.

Nitapasuliwa tarehe kumi na moja Julai, hapa hapa. Sasa anajua pa kupita na pa kuacha, na anasema sauti yangu ataiwekea ulinzi. Naogopa. Nimekuandikia neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe, uone jinsi nilivyobadilika.

Kuna fomu mpya, imekuja na mkataba wenu. Inauliza nani anaruhusiwa kusoma faili hili. Mstari wa kwanza nikamwandika daktari. Wa pili shemeji yako, ingawa amesema yeye akiona maneno ya kidaktari anapata homa, nikitaka nilifute jina lake. Pia wameniuliza kuhusu watafiti. Nikaweka tiki: ndiyo. Karani akashangaa. Nikamwambia tofauti ni kwamba leo nimeulizwa.

Mstari wa tatu nimekuandika wewe.

Kwa hiyo nimekufungia nakala yote, kurasa kumi na moja. Soma ukiwa umekaa. Yamo maneno yatakayokutisha, hasa ukurasa wa nne na wa saba, kwa hiyo nimeandika pembeni kwa penseli maana ya kila moja, kwa Kiswahili cha watu. Mengine si mabaya kama yanavyosikika. Mengine ni mabaya, nayo nimeandika hivyo hivyo.

Palipo na alama ya kuuliza, hata mimi sijui. Hapo usihangaike na vitabu. Njoo tarehe kumi, tutamuuliza daktari pamoja.

Dada yako